Faili Lisilojulikana Limetoka kwa Nani

Mtandao wa kugawana mafaili bila kujulikana ni mkusanyiko wa kompyuta za watu wa kawaida zinazoungana zenyewe kwa zenyewe, pasipo seva kuu, kwa namna ambayo anayetoa faili, anayelihifadhi na anayelipokea hawatambuani. Wengi hudhani siri hiyo huletwa na usimbaji tu, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke na asiye na ufunguo. Usimbaji una nafasi yake, lakini mzigo mkubwa hubebwa na miundo ya data: jinsi faili linavyopewa jina, linavyokatwa vipande, na orodha ambazo kila kompyuta huziweka au hukataa kuziweka. Kompyuta isiyojua jambo haiwezi kulitoa, hata ikichukuliwa na kufunguliwa.

Mitandao ya kwanza haikulizingatia hilo. Napster, iliyoanza Marekani mwaka 1999, iliacha nyimbo kwenye kompyuta za watumiaji lakini faharasa yote ikaiweka kwenye seva zake. Kampuni za muziki zilipokwenda mahakamani, ilitosha kuiandama kampuni iliyokuwa na faharasa, na Julai 2001 huduma ikazimwa ingawa nyimbo zenyewe zilibaki palepale kwenye kompyuta za watu. Tanzania nayo ina mfano wake, ingawa haukuhusu muziki. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia uchunguzi wa polisi, baada ya kampuni yake kukataa kutoa taarifa za wanachama waliokuwa wakiandika kwa majina ya bandia. Mwenye seva ndiye huulizwa, kwa sababu orodha, kama ipo, iko kwake.

Gnutella ya mwaka 2000 iliifuta faharasa kabisa. Kila kompyuta ilituma ulizo kwa majirani wake wote, nao wakalituma kwa majirani wao, hadi mtandao ukajaa maulizo kuliko majibu. BitTorrent, kazi ya Bram Cohen ya mwaka 2001, ilitatua tatizo la kasi, na hadi leo ndiyo njia maarufu zaidi ya aina hii. Haina siri, hata hivyo. Anayeshusha filamu kwa BitTorrent huionyesha anwani yake ya IP kwa kila mtu anayeshiriki faili hilo.

Mradi ulioiweka siri mbele tangu mwanzo ni Freenet. Ian Clarke alieleza wazo lake mwaka 1999 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na toleo la kwanza likatoka Machi 2000. Mwaka 2023 programu hiyo ilibadilishwa jina ikawa Hyphanet, kwa kuwa jina Freenet lilihamishiwa kwenye mradi mpya wa Clarke. Hapa linatumika jina la zamani, ambalo ndilo lililoandikwa kwenye tafiti nyingi.

Mfano mmoja kutoka milima ya Usambara nchini Tanzania utasaidia kuona kazi ya kila muundo. Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy ni kitabu cha historia ya ukoo uliotawala milima hiyo kutoka Vuga. Kilichapwa kwa sehemu na misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Magila, chini ya Usambara Mashariki, kati ya 1895 na 1907, na East African Literature Bureau ikakitoa upya mwaka 1962. Mwandishi alifariki zaidi ya karne moja iliyopita, na nakala za toleo la kwanza ni adimu. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mtu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, amezipiga picha kurasa za toleo hilo la kale na kupata faili la megabaiti 32, akitaka kuligawa bila jina lake kujulikana.

Jambo la kwanza ni jina la faili. Hapa jina halichaguliwi na mtu. Programu hulipitisha faili kwenye hesabu iitwayo heshi, kwa mfano SHA-256, inayotoa namba ya biti 256, ambayo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Faili lilelile hutoa heshi ileile likiwa Lushoto, Muscat au London. Nukta moja ikibadilishwa, heshi yote hugeuka. Kwa hiyo jina halielezi faili liko wapi wala ni la nani, linaeleza kilichomo tu. Msomaji akipokea data kutoka kwa mtu asiyemfahamu hahitaji kumwamini: huikokotoa heshi upya, na isipolingana hutupa alichopewa. Bila kipimo hicho kutojulikana kungekuwa balaa, maana yeyote angeweza kutuma chochote na kukiita Habari za Wakilindi.

Halafu faili hukatwa. Freenet hutumia vipande vya kilobaiti 32, hivyo kitabu cha mfano kinatoa vipande 1,024, kila kimoja na heshi yake. Faida yake inaonekana haraka kwa anayetumia bando la simu: umeme ukikatika au mtandao ukipotea kwenye kona za barabara ya Soni, vipande vilivyokwisha kuingia havipotei, na kilichoharibika huombwa peke yake. Vipande vikiwa vingi, orodha ya heshi zake nayo hurefuka, na dawa yake ni mti wa Merkle, uliobuniwa na Ralph Merkle mwaka 1979. Heshi za vipande huunganishwa mbilimbili na kufanyiwa heshi tena, ngazi juu ya ngazi, hadi ibaki moja ya juu kabisa. Aliye na hiyo moja anaweza kuhakiki kipande chochote kati ya 1,024 kwa kupewa heshi 10 tu za kando. BitTorrent ya toleo la pili na IPFS, mtandao mwingine wa kugawana mafaili, zimejengwa juu ya mti huu. Freenet hufanya jambo la jamii hiyohiyo: orodha ya funguo inapozidi ukubwa, nayo hukatwa vipande na kuhifadhiwa kama faili lolote.

Kukata peke yake kuna hatari. Kipande kimoja kikitoweka duniani, kitabu hakikamiliki. Kwa hiyo Freenet huongeza vipande vya akiba kwa hesabu ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, ileile inayoiwezesha CD yenye mikwaruzo kupiga. Vipande hupangwa katika mafungu ya 128 hivi, na kila fungu huongezewa vingine karibu idadi hiyohiyo. Ukipata vyovyote 128 kati ya hivyo, fungu zima linarudi. Kitabu cha mfano kitakuwa na mafungu 8 na jumla ya vipande vinavyokaribia 2,048. Nusu yake inaweza kupotea bila ukurasa kukosekana, ilimradi hasara isilielemee fungu moja.

Kabla ya kuondoka Magamba kila kipande husimbwa, na hapa pana ufundi unaostahili kutazamwa kwa makini. Ufunguo wa kusimba hutokana na heshi ya kipande chenyewe kabla hakijasimbwa. Kipande kilichosimbwa nacho hufanyiwa heshi, na hiyo ya pili ndiyo anwani inayotumika kukitafuta. Kiungo anachopewa msomaji kina vyote viwili, lakini kinachotembea kwenye mtandao ni anwani tu. Kompyuta ya Bumbuli inayohifadhi kipande hicho inaona rundo la biti zisizo na maana na namba yake. Mwenye kompyuta akiulizwa ana nini, jibu la kweli ni kwamba hajui. Isitoshe, watu wawili wakiingiza faili lilelile bila kujuana, vipande hulingana na mtandao huvichukulia kuwa vilevile. Ubaya unakuja na faida hiyohiyo: aliye na faili tayari anaweza kuzikokotoa anwani zake zote, kisha akakaa kuangalia ni nani anaziomba.

Heshi ina kasoro nyingine kwa mtu anayetaka kuboresha kazi yake. Ukurasa mmoja ukipigwa picha upya, jina lote hubadilika na viungo vya zamani hubaki kwenye toleo la zamani. Freenet huliondoa tatizo hili kwa sahihi ya kidijitali. Mchapishaji hutengeneza jozi ya funguo, mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Heshi ya ule wa wazi, pamoja na jina alilolichagua, hutoa anwani ambayo ni yeye tu anayeweza kuweka kitu ndani yake, kwa sababu kila kompyuta njiani hukagua sahihi kabla ya kupokea. Wasomaji hupata matoleo mapya mfululizo kutoka kwa mkono uleule bila kujua ni mkono wa nani. Njia rahisi zaidi, ya kutengeneza anwani kutokana na neno la kawaida kama «wakilindi», ilijaribiwa na ikaonyesha udhaifu wake: yeyote anaweza kuliwahi neno hilo na kupandikiza takataka. Ndiyo maana faharasa za pamoja zinazoaminika ndani ya mitandao hii zimetiwa sahihi, na watumiaji hupeana alama za kuaminiana kati ya majina ya bandia.

Kipande kina jina na kimesimbwa. Kitapatikanaje bila faharasa kuu? Mwaka 2002 Petar Maymounkov na David Mazières walichapisha Kademlia, ambayo leo hutumiwa na BitTorrent na IPFS. Kila kompyuta hupewa namba ya aina moja na heshi za mafaili, umbali kati ya namba mbili hukokotolewa biti kwa biti, na taarifa za faili hukaa kwa kompyuta ambazo namba zake zinakaribiana nalo zaidi. Kila mmoja huweka jedwali dogo la wenzake: wachache wa mbali, wengi wa karibu. Katika mtandao wa kompyuta milioni moja, hatua zisizozidi 20 hivi zinatosha kufika. Jedwali hilo hupendelea wenzake wa siku nyingi, kwa kuwa aliyedumu hewani muda mrefu huelekea kuendelea kudumu. Simu inayowashwa data kwa bando la saa chache huonekana na kutoweka, hivyo mchango wake katika muundo kama huu ni mdogo.

Kademlia ni ya haraka kwa sababu anayetafuta huwasiliana moja kwa moja na kila anayemuuliza, na kila anayeulizwa huiona anwani yake. Freenet iliuacha wepesi huo makusudi. Kila kompyuta ina mahali pake kwenye duara la namba kati ya 0 na 1, na kila ufunguo hugeuzwa kuwa namba kwenye duara hilohilo. Ombi hupewa jirani aliye karibu zaidi na namba hiyo, naye humpa jirani yake kwa kanuni ileile. Likikwama hurudi hatua na kujaribu njia nyingine. Kipande kikipatikana hurejea kwa njia iliyoletea ombi, kikiachwa nakala njiani. Hali inafanana na kifurushi kinachopandishwa basi Mlalo na kubadilisha magari Lushoto na Mombo: kila konda anajua aliyempa na atakayemkabidhi, basi. Ili ombi lisizunguke milele huwekewa hesabu ya hatua, inayoanzia 18 na kushuka. Aliyeona 18 angeweza kuhisi kwamba jirani yake ndiye aliyeanzisha ombi, kwa hiyo programu hubahatisha: mara nyingine 18 hupita kwa jirani wa pili bila kupunguzwa.

Ukarimu huo wa hatua una gharama. Kipande kikipita hatua sita, data ileile husafirishwa mara sita, na kitabu cha megabaiti 32 hutumia takriban 192 za mtandao kwa jumla. Wanaoibeba ni wenye kompyuta za katikati, kwa bando zao wenyewe.

Freenet hutumika kwa namna mbili. Ya kwanza huunganisha kompyuta na wageni inaowapata yenyewe. Ya pili, iliyokuja na toleo la 0.7 mwaka 2008, huunganisha marafiki wanaojuana tu, ili mgeni asijue hata kwamba programu ipo kwenye kompyuta hiyo. Oskar Sandberg wa Sweden ndiye aliyebuni njia ya kompyuta kubadilishana mahali pao kwenye duara hadi urafiki wa kawaida ulingane na ramani ya namba. Ulinganifu huo una sharti, ambalo Jon Kleinberg alilionyesha kihesabu mwaka 2000: mtandao wa watu wanaojuana hupitisha ujumbe kwa hatua chache pale tu ambapo, pamoja na viungo vingi vya karibu, vipo vichache vya mbali vilivyopangika kwa uwiano fulani.

Usambara inaonyesha vizuri kwa nini sharti hilo ni zito. Vijiji vya milimani vimejaa viungo vya karibu. Mtu wa Mlalo anajuana na wa Mtae, na wa Soni na wa Bumbuli, na wote wanajuana wao kwa wao. Mtandao wa marafiki uliojengwa hivyo ungeweza kupitisha ombi kutoka mlima hadi mlima na kulirudisha palipoanzia, huku kipande kikiwa Dar es Salaam. Kinachouokoa ni ndugu waliotawanyika: aliyehamia Tanga kikazi, aliyeko Kariakoo kibiashara, anayesoma ng'ambo. Viungo vyao ni vichache na ndivyo vinavyobeba kila kitu, hivyo wawili wakizima kompyuta zao, mlima mzima hukatika.

Kila mshiriki hutenga sehemu ya diski kwa vipande vya watu wengine. Nafasi ikijaa, vipya huviondoa vya zamani, na visivyoombwa na mtu hutoweka polepole. Ni kasoro ambayo hutajwa kwa haya na wapenzi wa mitandao hii. Wimbo unaopendwa utajaa kila mahali. Kitabu cha historia ya Wakilindi kinachosomwa na watu wanne kwa mwaka kitahitaji mtu wa kukiingiza tena mara kwa mara. Freenet si maktaba.

Muundo mwingine unaokutwa katika mitandao hii ni chujio la Bloom, lililobuniwa na Burton Bloom mwaka 1970. Ni safu ndogo ya biti inayojibu swali moja: kitu hiki kimo? Ikisema hakimo, hakimo kwa hakika; ikisema kimo, huenda inakosea. GNUnet, mradi ulioanza mwaka 2001, huambatisha chujio hilo kwenye ombi ili majibu yaliyokwisha kupatikana yasirudiwe.

Udhaifu mkubwa wa yote haya ni idadi. Mtu hufichika ndani ya kundi, na kundi dogo halifichi. Mwenye mtandao wa simu hawezi kusoma vipande vinavyopita, lakini anaona kwamba laini fulani inazungumza mfululizo na kompyuta za Freenet, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kama mtumiaji ni mmoja tu katika kata nzima, kilichomo kwenye mawasiliano yake kinabaki siri ila ushiriki wake uko wazi. Kuna pia mashambulizi ya kihesabu. John Douceur alionyesha mwaka 2002 kwamba mtu mmoja akijifanya watu elfu anaweza kuuzunguka mtandao usio na msimamizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walichapisha njia ya kukadiria, kwa kuhesabu maombi yanayopita kwa jirani, kama jirani huyo ndiye mwombaji wa asili au mpitishaji tu. Ilikusudiwa kuwakamata wanaogawana picha za unyanyasaji wa watoto, na jambo hilo halifai kufichwa: anayehifadhi asichokijua anaweza kuwa amehifadhi hilo pia.

Sheria nayo haitazami miundo ya data. Hakimiliki, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, inabaki pale mgawaji asipojulikana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni za maudhui za 2020 zinawahusu watumiaji wa njia yoyote, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka hata wanaotumia VPN kujiandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.

Kuna hali mbili za kukatika kwa intaneti ambazo watu huzichanganya. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Katika hali kama hiyo vipande vilivyomo ndani ya nchi vinaendelea kupatikana, kwa sababu anwani yao haitaji seva yoyote ya Ulaya. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hapo hakuna jedwali la njia linalosaidia pasipo na njia. Kilichobaki ni Bluetooth, Wi-Fi ya simu kwa simu na flashi. Heshi, hata hivyo, haijali usafiri: kipande kilichobebwa kwa memori kadi kutoka kibanda cha kuingizia nyimbo Mombo huhakikiwa kwa namba ileile ambayo kingehakikiwa nayo mtandaoni.

Kwa mtu wa Lushoto anayetaka tu kusambaza kitabu cha kale kisichodaiwa na mtu, BitTorrent au flashi zinatosha, na ni za haraka zaidi. Freenet inamfaa mwenye sababu ya kweli ya kulificha jina lake, mwenye kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana, bando lisilo na kikomo, na ndugu wanne au watano nje ya milima walio tayari kuunganishwa naye. Asiye na hivyo vyote asiitegemee kumficha.